Wasifu wa bibi si wasifu wa karani: barua ya wazi kwa wajukuu

Wajukuu zangu wa Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Chemba, na nyie mliozaliwa Dodoma mjini mkawa mnakijua kijiji kwa misiba tu,

Mbukwenyi.

Nawaandikia kuhusu wasifu wa marehemu, ile karatasi inayosomwa msibani kabla jeneza halijatoka nyumbani. Huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na kijana mwenye mwandiko mzuri, watu watatu wakimtajia tarehe zisizopatana. Asubuhi inasomwa kwa dakika tatu. Marehemu alizaliwa mwaka 1912, alibatizwa, hakubahatika kupata elimu, aliolewa, alijaliwa watoto 7, alianza kusumbuliwa na maradhi, akapelekwa hospitali, akahamishiwa hospitali nyingine, hali ikabadilika saa 9 usiku. Ameacha watoto 4 na wajukuu 31. Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Kisha mtu anaikunja karatasi, anaitia mfukoni, na wiki ijayo suruali inafuliwa nayo.

Uangalieni mpangilio wake: kuzaliwa, shule, kazi, vyeo, maradhi. Huo ni mpangilio wa mtumishi wa serikali, na karani aliyestaafu unamkaa vizuri kama koti lake. Mkimvalisha bibi koti hilo, nusu ya mistari inakuwa ya alivyovikosa: hakusoma, hakuajiriwa, hakushika wadhifa. Mwanamke aliyelisha kaya miaka 60 katika nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua anasomwa kama mtu aliyekosa kila kitu halafu akaugua.

Basi anzeni na jina, maana ndilo linalotangulia kupotea. Tangu alipojifungua kifungua mimba wake, bibi ameitwa Mama Fulani. Kanisani ana jina la ubatizo, na kwenye kitambulisho cha taifa amewekewa jina la mumewe mwishoni. Lile alilopewa utotoni huenda sasa linajulikana na watu wawili tu, nao wote wamevuka 80. Liulizeni leo, na muulize maana yake na nani alilichagua. Jina lenye neno nzala, yaani njaa kwa Kigogo, ndani yake halikutolewa mwaka wa shibe. Andikeni jina la nyumbani, la ubatizo au la Kiislamu, la baba yake, na mbeyu yake, yaani ukoo aliozaliwa. Ukoo wa mume mtautaja mkifika kwenye ndoa. Jambo hili lina faida yake ofisini pia. Kifo hutakiwa kusajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ndani ya siku 30, na jina la kwenye cheti likipishana na la kitambulisho au la karatasi za shamba, mtatembea na hati za viapo mpaka mchoke.

Sasa mwaka wa kuzaliwa, ambako ndiko panapoharibika zaidi. Familia hupenda bibi awe na miaka 110, na hakuna anayethubutu kubisha mbele ya jeneza. Kitambulisho kikionyesha 1 Januari au 1 Julai, kishukuni, mara nyingi hayo ni makisio ya aliyekuwa akiandikisha. Cheti cha ubatizo nacho kinaonyesha siku ya ubatizo, na wengi walibatizwa wakiwa wakubwa, wengine wakiwa na watoto tayari.

Kinachoaminika zaidi ni watoto wake. Tuseme familia inadai alizaliwa 1912. Kifungua mimba alibatizwa akiwa mchanga mwaka 1946, na kitinda mimba ana cheti cha 1968. Kwa hesabu ya 1912 bibi angemzaa huyu wa mwisho akiwa na miaka 56, na hilo karibu haliwezekani. Ni wanawake wachache mno wanaojifungua baada ya 45, kwa hiyo wekeni mpaka wa chini 1923. Kwa upande wa pili, kama alimpata wa kwanza akiwa na miaka 16 au zaidi, hawezi kuwa amezaliwa baada ya 1930. Mmebakiwa na miaka 7 badala ya hekaya. Ndipo mlete matukio. Njaa ya 1943 na 1944 ilimkuta kwao au kwa mumewe? Wazee wakikubaliana kwamba alikuwa ameshaolewa, 1929 na 1930 zinaanguka, na mnaandika “karibu mwaka 1925”. Neno “karibu” msilionee haya. Lisomeni kwa sauti.

Mkitumia matukio, muwe na tahadhari na njaa, kwani Ugogo, nchi yetu ya Wagogo, umepata nyingi na wazee huzichanganya. Mtu akiwaambia bibi alizaliwa “wakati wa Mtunya”, ulizeni mara mbili. Mtunya ni ya 1917 hadi 1920. Jeshi la Wajerumani, kisha la Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya vita, halafu mvua nazo zikagoma. Mara nyingi aliyezaliwa au kunusurika wakati huo ni mama yake bibi, na simulizi limeteremka kizazi kimoja bila mtu kugundua. Njaa ya 1953 hadi 1955 ni nyingine. Ile ya 1961 hutambulika kirahisi, kwa sababu Uhuru ulikuja humo humo, na mvua zilipofika mwishoni mwa mwaka zilikuja kwa mafuriko. Akitajwa mtu aliyekula unga wa njano, ule ulioitwa yanga, mpo katikati ya miaka ya 1970.

Yapo na matukio yasiyo ya njaa. Mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa ulianza 1947 ukafa 1951, na wanaume wengi walipita pale. Ulizeni kama baba yake au mumewe alikwenda kwenye matrekta, na bibi alikuwa na mtoto gani mgongoni wakati huo. Watemi, yaani machifu, waliondolewa 1963, kwa hiyo kesi iliyoamuliwa barazani kwa mtemi ni ya kabla ya hapo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973. Vita vya Kagera ni 1978 na 1979, na Waziri Mkuu Sokoine alifariki 12 Aprili 1984. Hayo ya mwisho yanasaidia kupanga wajukuu wakubwa kuliko bibi mwenyewe. Mwezi msiuhangaikie sana. Mkisikia “wakati wa palizi” wekeni Januari au Februari, na “wakati wa mavuno” ni Mei hadi Julai. Kujaza tarehe kamili msiyoijua ni kuongeza uongo mahali ambapo hakuna aliyeuomba.

Mahali alipozaliwa pana mtego wake. Mkiandika “alizaliwa kijiji cha fulani”, hakikisheni kijiji hicho kilikuwepo. Kabla ya Operesheni Dodoma ya 1971 kaya zilikuwa zimetawanyika, kila moja na nyumba yake ya tembe karibu na mashamba na malisho. Operesheni ilipopita watu wakakusanywa kwenye vijiji vya ujamaa, na majina mengi ya mahali pa zamani yakabaki vichwani mwa wachungaji tu. Ulizeni korongo, kilima, mbuyu. Panapokuwa na mstari wa minyaa katikati ya pori bila nyumba yoyote, hapo palikuwa na boma la mtu. Mwendeeni mzee anayepajua, mpige picha, na muandike jina la zamani kwanza, kisha “sasa ni kitongoji cha…”. Kumbukeni pia kwamba Chamwino na Bahi zilikuwa wilaya moja ya Dodoma Vijijini, Kongwa ilikuwa ndani ya Mpwapwa na Chemba ndani ya Kondoa. Mkilitafuta jina lake kwenye vitabu vya zamani vya kanisa kwa wilaya za leo, mtarudi mikono mitupu.

Watoto wahesabuni kwa kuchora, msihesabu kwa kukumbuka. Karatasi kubwa iwekwe chini, jina la bibi juu, watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kila mtoto apewe safu yake ya wajukuu, vitukuu na vilembwe. Watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Makosa huwa ni yale yale. Mtoto aliyefariki mchanga anarukwa. Mjukuu aliyelelewa na bibi anahesabiwa mara mbili, kama mtoto na kama mjukuu. Watoto wa mke mwenza wanaingizwa kwa heshima au wanaachwa kwa chuki. Waliofariki wawekeni kwa majina yao kama bado yanajulikana. Mwanamke aliyelea 7 na kuzika watatu kabla hawajatambaa alikuwa mama wa watoto 10. Kumwandika kama mama wa 7 ni kumpunguzia mzigo alioubeba kweli.

Na kazi. Hapa ndipo karatasi nyingi zina mstari mmoja tu: “alikuwa mkulima hodari na mchapakazi.” Sentensi hiyo inamfaa kila mtu, hivyo haimhusu yeyote. Ulizeni alilima wapi, ekari ngapi, uwele au mtama, na mbegu alizipata kwa nani. Ulizeni hasa mbegu, kwa sababu mkononi mwa bibi ndimo kaya ilimoishi au kufa. Masuke ya mbegu huchaguliwa shambani kabla ya mavuno: marefu, yaliyojaa hadi ncha, kutoka kwenye mashina yaliyostahimili jua la Februari. Huning'inizwa juu ya meko ili moshi uwafukuze dumuzi, na hayashushwi hata watoto wakilala na njaa, maana anayekula mbegu mwezi wa kumi hana cha kupanda mwezi wa kumi na mbili. Kunde hutiwa majivu. Kama bibi alikuwa ndiye aliyekimbiliwa na majirani mvua ya kwanza ilipooza mbegu zao ardhini, andikeni hilo. Mkiweza kutaja kaya tatu zilizopanda kutoka kwenye mbegu zake, mmeandika zaidi ya cheo chochote.

Mlenda nao ni kazi, ingawa mnauona kama mboga ya haraka. Majani huchumwa wakati wa masika, Januari hadi Machi, yakiwa machanga. Yakikomaa huwa na nyuzi. Huanikwa hadi yanavunjika mkononi, hutwangwa, huchekechwa, na unga wake huwekwa kwenye kibuyu kikavu kilichozibwa vizuri. Kikiingia unyevu unavunda wote, na kaya inaingia kiangazi bila kitoweo. Kuanzia Julai hadi Desemba ugali wa uwele uliteremka kwa unga huo, magadi kidogo na karanga zilizotwangwa. Ulizeni bibi alijaza vibuyu vingapi kwa mwaka. Binti yake anajua, kwa sababu ndiye aliyechuma.

Halafu maji. Debe moja ni lita 20, yaani kilo 20 kichwani, na tawi la majani likielea juu ili maji yasimwagike. Kiangazi maji yalikuwa chini ya mchanga wa korongo. Unachimba, unasubiri yajichuje, unateka kwa kata kidogo kidogo, na ukifanya pupa unakoroga tope, unaanza upya. Pimeni umbali huo wenyewe kwa simu, mkitembea. Tuseme ni kilomita 3 kwenda na 3 kurudi, mara mbili kwa siku. Hiyo ni kilomita 12. Kwa miezi 6 ya kiangazi ni zaidi ya kilomita 2,100 kila mwaka, na reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma haifiki kilomita 1,300. Bomba lilifika kijijini mwaka gani? Toeni mwaka wa ndoa yake humo, mzidishe, na msome jibu. Waombolezaji hutulia sana ikisomwa namba ya namna hiyo.

Kama alikuwa mkunga wa jadi, tafuteni waliopokewa na mikono yake, maana baadhi yao watakuwa wamekaa pale pale turubaini. Kama alicheza muheme, semeni alishika ngoma ipi, au kama alikuwa mwanzishaji wa nyimbo. Huku kwetu ngoma hiyo hupigwa na wanawake, imebanwa katikati ya mapaja, na wageni kutoka mikoa mingine hushangaa. Mpiga ngoma mkuu hakuwa mtu wa pembeni, yeye ndiye aliyewakusanya wengine. Andikeni na waliojifunza kwake.

Kuna mambo mnayoyaficha bila sababu. La kwanza ni pombe. Wanawake wengi wa Ugogo walilipa ada za shule kwa pombe ya mtama, na kwenye wasifu inageuka “alijishughulisha na biashara ndogondogo”. Kama mchungaji atakereka, mwonyesheni karatasi siku moja kabla, lakini msilifute. Mwalimu na nesi waliotoka katika nyumba ile walitoka katika mtungi ule. La pili ni mke mwenza. Mtajeni kwa jina na mahali pake, kwa sababu amekaa pale msibani na kila mtu anamwona. La tatu ni kuachika au kurithiwa baada ya mume wa kwanza kufa. Hilo waulizeni watoto wake kwanza, na wakikataa, liacheni. Mahari, kwa maoni yangu, isisomwe kabisa. Watu wataanza kuhesabu ng'ombe wa familia nyingine badala ya kumsikiliza marehemu.

Maradhi yapewe sentensi mbili. Siku za mwisho bado zinauma, ndiyo maana mnaandika ukurasa mzima wa wodi, vipimo na gari la kukodi. Lakini miezi miwili katika miaka 90 ni miezi miwili. Jina la ugonjwa ni siri yake, hata baada ya kufa.

Nani aulizwe? Mdogo wake wa kike akiwepo ndiye wa kwanza, maana anajua ya utotoni ambayo watoto wa bibi hawakuyaona. Wa pili ni mke mwenza au mtu wa rika lake waliyelima naye. Wa tatu ni yule mtoto au mjukuu aliyeishi naye miaka ya mwisho. Wanaume wa ukoo waulizeni baadaye. Watawapa mipaka ya mashamba na majina ya mababu, mambo yenye mahali pake. Nendeni asubuhi, kabla jua halijapanda na wageni hawajajaa. Ulizeni kwa Kigogo, au kwa Kirangi mkiwa upande wa Kondoa. Mkiuliza kwa Kiswahili cha ofisini mtajibiwa kwa Kiswahili cha ofisini: “aliishi vizuri na watu.” Msiulize “alikuwa mtu wa namna gani”. Ulizeni “kisima chenu kilikuwa wapi”, “nani aliezeka paa la tembe lile”, “siku ya kuhama alibeba nini”. Simu ya kurekodi ilazeni juu ya kanga iliyokunjwa, ndani ya nyumba. Upepo wa Dodoma ukiingia kwenye kipaza sauti, mtasikiliza mvumo mtupu.

Usomaji wenyewe una kanuni chache. Maneno 800 hadi 900 yanasomeka kwa dakika 8 bila haraka, na yakizidi hapo mshereheshaji ataanza kutazama saa. Chapeni kwa herufi kubwa, mistari ikiachana, upande mmoja wa karatasi, na mzibane juu. Msisome kwenye simu. Saa 6 mchana chini ya jua letu kioo hakionyeshi kitu. Msomaji afanye mazoezi ya majina mara tatu, kwani jina la baba yake bibi likikwama mdomoni, wazee watanong'ona hadi mwisho. Na asiwe yule anayelia sana, hata kama ndiye aliyependwa zaidi.

Kwa familia za Kiislamu mambo yanabadilika. Maziko hayangoji, na hakuna sababu ya kulazimisha wasifu usomwe makaburini. Chukueni muda wenu, mkusanye kwa wiki kadhaa, na msome siku ya hitima au arobaini. Kwa kweli hata sisi wengine tungefaidika na mwendo huo.

Msalabani au kwenye jiwe wekeni yale tu mliyothibitisha: jina la nyumbani, jina la ubatizo, binti wa nani, mwaka. Rangi ya mafuta juani haidumu. Maandishi yaliyochongwa kwenye saruji ikiwa bado mbichi hukaa muda mrefu, ila fundi apewe jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, asitajiwe kwa mdomo.

Baada ya mazishi karatasi isikunjwe. Toeni nakala tatu: moja kwa kitinda mimba, moja kwa mtoto wa kike mkubwa, moja iwekwe pamoja na vyeti vyake. Nyuma ya kila nakala andikeni nani alisimulia nini. Ya nne mpelekeeni mdogo wake bibi siku ya kuanua matanga, msomeeni polepole, na mumwache akatae anachokikataa. Atakataa mambo mengi. Kwa hiyo nakala hiyo ya nne iacheni na nafasi pana kati ya mistari, na mwende na kalamu mbili.

Ni mimi mzee wenu,
Dodoma